Ganda

Mama alifanya kazi kiwanda cha kukoboa kahawa,
miaka kumi na tisa ya kuvua maganda.
Jioni alirudi Kiusa na vumbi kwenye kope,
akisema: kinachouzwa ni kiini,
ganda ni la kuwashia moto.

Mimi Elinisafi, kitinda mimba wake,
nakesha chumba kile kile
najenga ganda.

Si la kahawa. Ni lile linalofunika kiini cha kompyuta,
linalopokea neno lako, likalipeleka ndani,
likarudi na jibu, au na lawama.
Kiini hakisemi na mtu. Kina bawabu.

Ningeweza kulichukua lililokwisha kujengwa,
kama unga wa dukani.
Nilitaka kuona mahindi yakiingia mashineni.
Nikafungua furushi la msimbo, mafaili mia tatu na ushee,
na katika moja mtu nisiyemjua ameandika:
usiguse hapa, sijui kwa nini inafanya kazi.
Nikagusa.
Nikarudisha haraka.

Kompyuta ya kwanza, ya Linux, nilinunua kwa fundi wa Bondeni.
Hutangulia mkaguzi, anauliza:
una kikusanyi? Ndiyo. Una maktaba ya hesabu? Ndiyo.
Ndiyo, ndiyo, ndiyo,
kama bibi harusi aliyechoshwa na mahubiri.
Dakika sita. Chai haijapoa.

Ya pili ni ya dada Aikande, yenye tofaa lililong'atwa.
Nyembamba, ina maringo.
Maktaba ninayo, ikasema, ila si hiyo unayoitaka:
jina lile lile, mwili mwingine.
Nikaielekeza, pita huku, kisha huku,
ikapita ikinung'unika maonyo arobaini na moja
ambayo, kama ya shangazi, hayakuzuia kitu.

Ya tatu ilipigwa mnada na ofisi ya ushirika
pamoja na mizani na viti vitatu:
kisanduku cha Solaris, kizito kama jiwe la kusagia.
Hapo nilikwama siku nne.

Msimbo ni ule ule, nukta kwa nukta.
Lakini ndivyo mlima wetu ulivyo:
mtu wa Rombo na mtu wa Machame
kila mmoja huapa kuwa anasema Kichaga,
wakikutana soko la Mbuyuni
bei wanamalizia kwa Kiswahili.
Neno ambalo Linux hulimeza, Solaris hulitema.
Mstari wa mia mbili na kumi.
Mstari wa mia mbili na kumi.
Nikauota.

Usiku wa tatu umeme ukakatika katikati ya faili la themanini.
Feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikanyamaza.
Gizani nikamkumbuka mama mezani kwa kuchambulia:
punje mbovu, alisema, jicho hulidanganya,
kidole hakidanganyiki.

Kesho yake nikasoma kwa kidole, juu ya kioo,
neno baada ya neno, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Kumbe faili la kichwa lilikuwa likiitwa kwa jina la utani
ambalo huku halijulikani.
Nikaandika jina lake la ubatizo.

Saa nne asubuhi, Kibo iko wazi, mama akaingia na ndizi za kuchoma.
Akaona alama ya dola inasimama peke yake kwenye weusi.
"Hiyo ni dola?"
Ndiyo.
"Siku nne, dola moja?"
Inangoja neno, mama.

Akafuta kidole kwenye kanga, akaandika jina lake,
Ndeambiliasia, herufi kumi na tatu, moja moja.
Ganda likajibu: halipatikani.
Akacheka mpaka akashika ukuta.
"Hata ofisi ya mafao walinijibu hivyo hivyo."

Sikucheka.
Nikaandika faili dogo, mistari miwili,
nikalipa jina lake, nikaliruhusu litembee.
Nikamsogezea kiti.
Andika tena, nikamwambia.